Bukavu: Milango miwili ya kabati la jikoni iliyotaka kumeza garanti ya miezi mitatu

Siku ya kurudisha funguo, mwenye nyumba wetu alipita chumba kwa chumba bila kusema neno. Aligusa kuta, akafungua madirisha, akahesabu ampule. Alipofika jikoni, aliinama mbele ya lavabo, akapitisha kidole chini ya milango miwili ya kabati, kisha akasimama polepole.

«Kijana wangu,» akasema, «hii milango imekufa. Na jiko la aina hii halipatikani tena. Itabidi nibadilishe lote.»

Maneno hayo yalikuwa na bei. Tulipoingia katika nyumba hiyo ya Muhumba, komini ya Ibanda, tulilipa garanti ya miezi mitatu. Kodi ilikuwa dola 250 kwa mwezi, kwa hiyo garanti ilikuwa dola 750 za kimarekani. Pesa hizo tulikuwa tumekwisha kuziahidi kwa mwenye nyumba mwingine, kule tulikokuwa tunahamia. Na tangu mabenki ya mji yalipofunga milango mwanzoni mwa mwaka wa 2025, kutafuta dola 750 taslimu kwa muda wa wiki moja si mchezo.

Wapangaji wengi wa Bukavu na wa Goma wataitambua habari hii. Kitu kidogo kinaharibika, mwenye nyumba anasema hakina mfano wake sokoni, na garanti yote inakwenda nacho. Je, milango miwili inaweza kweli kulazimisha jiko zima kubadilishwa? Tulichukua siku kumi na mbili kupata jibu, na jibu lilipatikana katika atelie moja ya mbao huko Kadutu.

Maji ya usiku

Nianze na kosa letu, maana lilikuwa letu. Siku moja maji yalikatika tangu asubuhi. Mtoto alifungua robine ya lavabo ya jikoni, akaona hakuna kitu, akaiacha wazi. Ndani ya lavabo kulikuwa na sahani na majani ya sombe yaliyoziba tundu. Maji yalirudi usiku, sisi tukiwa tumelala. Asubuhi jiko lilikuwa ziwa dogo.

Tulikausha, tukafuta, tukafungua madirisha. Siku mbili za kwanza tulifikiri tumepona. Siku ya tatu milango miwili iliyo chini ya lavabo ilianza kuvimba upande wa chini, kama mkate uliolowekwa ndani ya chai. Rangi ikapasuka, na milango ikaanza kusuguana wakati wa kuifunga.

Milango ya namna hiyo si mbao kamili. Ni ubao wa MDF, yaani nyuzi laini za mbao zilizochanganywa na gundi na kukandamizwa kwa nguvu na moto. Juu yake hupakwa rangi au hubandikwa ngozi nyembamba ya plastiki. Maadamu ngozi hiyo ni nzima, ubao unadumu miaka mingi. Lakini maji yakipata njia, mara nyingi kwenye ukingo wa chini ambao watengenezaji hawaufuniki vizuri, ubao ule unakunywa na kuvimba. Na ukivimba haurudi. Hata uukaushe juani mwezi mzima, hautapata tena unene wake wa kwanza.

Tuliishi na milango hiyo miezi minane tukijiambia kwamba tutaitengeneza kesho. Kesho hiyo ikafika siku ya kurudisha funguo.

Mwenye duka hakusema uongo

Kwanza nilifikiri mzee anatafuta sababu ya kubaki na pesa. Nilikosea. Alinionyesha faktire ya zamani na kunieleza kwamba jiko hilo, lile ambalo hapa watu wanaita kwizini ekipe, alilinunua kwa pesa za dekonti yake ya mwisho alipostaafu. Kwake halikuwa makabati tu. Ilikuwa miaka yake ya kazi aliyoiweka ukutani ili nyumba ipate wapangaji wazuri na kodi imlishe uzeeni. Alikuwa amekwisha kwenda duka alikolinunua, na huko wakamwambia: aina hii haitengenezwi tena, Papa, lakini tunaweza kukuwekea jiko jipya kwa dola 2.400.

Mimi pia nilizunguka. Nilipiga picha ya milango kwa simu, nikapita maduka ya Nyawera na yale ya kuteremkia Feu Rouge. Kila mahali swali lilikuwa moja: jiko hili linaitwaje? Hatukujua. Tulitafuta ndani ya makabati, chini ya droo na nyuma ya paneli, bila kupata karatasi yoyote. Jina pekee lililokuwa limeandikwa lilikuwa kwenye chuma cha sharniere. Nilifurahi, nikalipeleka dukani mbio. Muuzaji akacheka kwa upole: «Kaka, hilo ni jina la kiwanda cha sharniere. Viwanda mia vya makabati vinanunua sharniere hizo hizo.»

Mfanyabiashara mmoja alinieleza namna mambo yanavyokwenda. Makabati haya yanafika Bukavu ndani ya kontena, kutoka China, Uturuki au Dubai, yakipitia bandari ya Dar es Salaam au Mombasa, kisha barabara ndefu hadi mpaka wa Ruzizi. Mtu analeta majiko machache ya aina moja. Yakiisha, anarudi kununua yanayopatikana siku hiyo, na mara nyingi si yale yale. Hakuna anayeleta milango ya akiba, kwa sababu mlango peke yake unachukua nafasi katika kontena na haujulikani utauzwa lini.

Tena jambo hili si la Kongo tu. Huko Uingereza, kampuni kubwa ya MFI iliyouza majiko kwa familia nyingi ilianguka mwishoni mwa mwaka wa 2008, na wateja wake wakabaki na makabati yasiyo na kiwanda nyuma yake. IKEA nayo, kuanzia mwaka wa 2013, iliondoa Ulaya jiko lake la Faktum na kuleta Metod, lenye vipimo vingine. Kabati la chini la Faktum lilikuwa na kimo cha sentimita 70, la Metod ni sentimita 80. Mlango wa jipya haukai kwenye la zamani. Lakini watu wa huko hawakutupa majiko yao yote. Mafundi na makampuni madogo walianza kutengeneza milango kwa vipimo vya zamani, na wakapata kazi.

Kwa hiyo mzee alisema kweli: jiko lile halipatikani tena. Kosa lilikuwa katika sentensi yake ya pili, ile ya kubadilisha lote.

Sanduku na mlango

Fundi tuliyempata Kadutu ni mtu wa makamo, mwenye penseli nyuma ya sikio na maneno machache. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Hakuiangalia sana. «Papa, picha haina metre,» akasema. «Twende nione.»

Alipofika jikoni hakuanza na milango iliyovimba. Aliifungua, akaigonga gonga kabati lenyewe, ubavuni, juu na nyuma. Akaingiza kichwa chini ya lavabo na taa ya simu. Sakafu ya ndani ya kabati ilikuwa imevimba kidogo pembeni, lakini kuta zake mbili zilikuwa kavu na ngumu. Akatoka akitingisha kichwa kwa kukubali.

«Munachanganya vitu viwili,» akatuambia mimi na bibi yangu. «Kuna sanduku na kuna mlango. Sanduku ndilo linabeba uzito, ndilo limeshikwa ukutani, ndilo limebeba lavabo. Sanduku likioza, hapo kuna kazi. Mlango ni nguo tu. Nguo ikipasuka, hauchomi mutu.»

Kisha akatoa metre na kutufundisha jambo ambalo hakuna duka lililotuambia: mlango uliovimba haupimwi, maana unatoa kipimo cha uongo. Kinachopimwa ni sanduku, pamoja na mlango mzima wa jirani. Sanduku la lavabo lilikuwa na upana wa sentimita 80 na kimo cha sentimita 72. Milango mizima ya upande wa pili, kwenye sanduku la upana uleule, kila mmoja ulikuwa na upana wa milimita 396 na kimo cha milimita 716. Zile milimita nne zinazopungua ni nafasi ya mlango kupumua, ili usisuguane na mwenzake wala na meza ya juu.

Halafu akafungua sharniere moja na kutuonyesha tundu la duara lililochimbwa nyuma ya mlango. Kipenyo chake ni milimita 35. Sharniere nyingi za makabati ya kisasa, ziwe za Ulaya, za Uturuki au za China, zinatumia tundu hilo hilo la milimita 35. Hii ndiyo bahati ya mtu mwenye jiko lisilotengenezwa tena: jina la jiko linaweza kupotea, lakini tundu halikupotea. Fundi mwenye kekee ya kipimo hicho anaweza kutengeneza mlango utakaokaa juu ya sharniere za zamani bila kununua nyingine.

Ila kuna mambo ya kuangalia. Tundu hilo linaingia kwa kina cha milimita 12 hivi, kwa hiyo ubao mwembamba haufai. Kekee itatokea upande wa pili. Yetu ilikuwa na unene wa milimita 18. Lazima pia kupima umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu, ambao kwetu ulikuwa milimita 22 na nusu, na umbali kutoka juu na kutoka chini. Ukikosea milimita moja, vizi za sharniere zinaweza kusahihisha. Ukikosea tano, mlango utakaa kama kofia ya mlevi. Mwisho ni mkono wa kufungulia: matundu yake mawili yalikuwa na umbali wa milimita 128 kati yao. Ukipima hivyo unaweza kurudisha mikono ile ile, na jicho la mgeni linaangalia mikono kabla ya kuangalia mbao.

Aliandika yote juu ya kipande cha karatoni. Karatoni hiyo, nilikuja kuelewa baadaye, ndiyo ilikuwa faktire ya kweli ya jiko.

Hila ya fundi

Bado palibaki tatizo la sura. Milango ya jiko ilikuwa myeupe yenye kung'aa, na uso wake ulikuwa na mfereji mwembamba unaozunguka kama fremu. Fundi alisema wazi: umbo hilo nitalitengeneza, lakini rangi hiyo sitaipata sawasawa. Milango miwili mipya katikati ya jiko, chini ya dirisha, itaonekana kama meno mawili ya bandia.

Alisimama mlangoni kwa muda, akitazama jiko lote. Kisha akasukuma mlango wa kuingilia jikoni na kutazama nyuma yake. Huko, pembeni mwa frigo, kulikuwa na sanduku lingine la sentimita 80 lenye milango miwili, mahali ambapo sisi tuliweka masufuria ya sikukuu. Kila mara mlango wa jikoni ukifunguliwa, sanduku hilo linafichwa.

«Tunahamisha,» akasema. «Hii miwili mizima inakuja chini ya lavabo, mbele ya macho. Mipya inakwenda kule nyuma.»

Ni jambo rahisi kiasi kwamba niliona haya kwa kutolifikiria. Sehemu mbili za jiko zenye upana sawa zinaweza kubadilishana milango, ikiwa matundu ya sharniere yako mahali pamoja. Wa kushoto unabaki kushoto, wa kuume unabaki kuume. Kwa dakika ishirini na tournevis moja, chini ya lavabo palipata milango halisi ya kiwanda. Kilichobaki kutafutiwa mfano kilikuwa pale pasipoonekana sana.

Hapo nilipata kishawishi, nakiri. Nilimwuliza fundi kama mzee anaweza kutotambua. Fundi aliacha kukaza vizi na kuniangalia. «Papa, mimi ninaishi mji huu. Mzee huyo atanipa kazi nyingine au atanitukana sokoni. Mwambie kabla. Mutu akionyeshwa, anasema ni kazi. Akigundua mwenyewe, anasema ni wizi.»

Jioni ile nilimpigia mzee simu na kumweleza. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: «Tengenezeni, nitakuja kuona. Lakini sijakubali kitu.»

Weupe si mmoja

Ubao haukusumbua. Tulipewa kuchagua kati ya MDF ya milimita 18 na libuyu, mbao nyekundu inayotoka msituni. Bibi yangu alipenda libuyu kwa sababu ni mbao ya kweli. Fundi alikataa kwa kazi hii. Mbao kamili isiyokauka vizuri inajipinda majira yakibadilika, na mlango mwembamba uliopakwa rangi nyeupe utapasuka kwenye maungio. Kama jiko lote lingekuwa la libuyu, sawa. Kwa milango miwili inayopaswa kufanana na mingine, bora kutumia kitu kilekile walichotumia, lakini kufunga kingo zake vizuri zaidi.

Na hapo alionyesha ufundi wake. Kabla ya rangi, alichanganya kole nyeupe ya mbao na maji kidogo, akaipaka kwenye kingo zote nne, akaacha ikauke, akapiga msasa, akarudia. Ukingo wa MDF unakunywa kama sifongo. Ukishibishwa kole kwanza, hauna tena kiu ya maji. Alisema kama kiwanda kingefanya hivyo upande wa chini, maji yetu ya usiku mmoja labda yasingefika mbali.

Rangi ndiyo ilitutoa jasho. Nilikwenda kununua «nyeupe», nikarudi na kopo. Mlango wa kwanza ulipokauka na kusimamishwa karibu na wa zamani, tulicheka wote. Wa zamani, ambao miaka yote tulikuwa tunauita mweupe, ulikuwa na rangi ya maziwa yaliyochemka. Umeme ukikatika sisi huweka mbabula karibu na mlango wa nyuma, na moshi wa makala, mafuta ya kukaanga na jua la dirishani vilikuwa vimefanya kazi yao polepole. Fundi akasema jambo la kutuliza: hata kiwanda kingeleta leo mlango wenye alama ileile, bado usingefanana. Kitu kipya hakifanani na ndugu yake aliyekwisha kuishi.

Mara ya pili tulifanya kama ilivyotakiwa kufanywa tangu mwanzo. Kwanza tuliosha milango yote ya zamani kwa maji ya vuguvugu na sabuni, maana sehemu moja ya ile rangi ilikuwa mafuta tu. Kisha fundi alibeba mlango wenyewe, si picha, hadi kwa muuzaji wa rangi. Waliongeza tone la njano na tone dogo la rangi ya udongo, wakapaka kwenye kipande cha ubao, wakangoja kikauke, kwa sababu rangi mbichi na rangi kavu si kitu kimoja. Tulikipeleka kipande hicho jikoni na kukitazama mchana, kwenye mwanga wa dirisha, halafu usiku chini ya ampule. Kipande cha tatu ndicho kilichokubaliwa.

Kwa jumla tulitoa dola 85: ubao, rangi mara mbili, kole, ubao mrefu wa chini unaofunika miguu ya makabati, na kazi ya fundi. Duka lilitaka dola 2.400.

Mbele ya shefu wa avenue

Mzee alikuja siku ya posho asubuhi, akiwa na shefu wa avenue kama shahidi. Sisi pia tulitaka hivyo. Niliwaonyesha yote bila kuficha: milango iliyohamishwa, milango mipya nyuma, karatoni ya vipimo, na ile miwili iliyovimba, ambayo tuliiweka ukumbini ili kila mtu aione.

Mzee alifungua na kufunga milango ya lavabo mara nne. Alikwenda nyuma ya mlango, akawasha taa ya simu, akapitisha kidole chini ya kingo kama siku ile ya kwanza. Akasema tofauti anaiona. Fundi akajibu kwamba hata yeye anaiona, na kwamba hakuna aliyeahidi kuwa haitaonekana.

Mazungumzo yalidumu karibu saa moja. Shefu wa avenue aliuliza swali lililofungua njia: garanti ni ya nini? Je, ni ya kutengeneza kilichoharibiwa na mpangaji, au ya kumnunulia mwenye nyumba kitu kipya mahali pa cha zamani? Kama ni ya kutengeneza, basi kilichoharibika kimetengenezwa, na aliyelipa ni aliyeharibu. Kama ni ya kununua jiko jipya, basi kila mpangaji wa Bukavu ataogopa kufungua kabati.

Sheria ya nchi nayo inaweka mpaka. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 desemba 2015, inayohusu upangaji wa nyumba usio wa kibiashara, inasema kwamba kwa nyumba ya kuishi garanti haipaswi kupita kodi ya miezi mitatu. Wenye nyumba wengi wanadai zaidi, na wapangaji wanakubali kwa kukosa mahali pengine. Lakini inafaa kuijua, hata kama mtu anaitaja kwa sauti ya chini tu.

Mwishowe mzee alisema kuna kitu kimoja ambacho hatukutengeneza: sakafu ya ndani ya kabati la lavabo, ile iliyovimba pembeni. Alikuwa na haki. Tulikubaliana abaki na dola 40 kwa kazi hiyo, na akarudisha dola 710. Alizihesabu mara mbili mbele ya shefu. Kisha akamwomba fundi namba yake ya simu, kwa sababu ana nyumba nyingine yenye kabati la aina hiyo hiyo. Fundi hakuniangalia, lakini niliona anatabasamu.

Kabla ya kuingia na kabla ya kununua

Kwa wapangaji, somo letu kubwa liko katika mkataba. Wetu ulikuwa umeandika tu: «jiko la makabati, hali nzuri». Maneno hayo hayamlindi mtu. Siku ya kupokea funguo, hesabu milango na droo, zifungue moja moja, piga picha ya kingo za chini na ya ndani ya kabati la lavabo, na andika kila alama mbele ya mwenye nyumba au mjumbe wake. Kitu kikiharibika, usingoje miezi minane kama sisi. Mlango uliovimba leo ni mlango mmoja. Ukiuacha, maji yanafuata njia hadi kwenye sanduku, na sanduku ndilo lenye bei.

Kwa wenye nyumba, wakati wa kutafuta mlango wa akiba ni siku ya kununua. Ukilipia jiko la kontena, omba mlango mmoja au miwili zaidi ya upana unaojirudia mara nyingi, na vipande vya ubao uleule kwa upande wa chini. Andika nyuma ya mlango mmoja jina la jiko, alama ya rangi na mwaka. Pima kila kitu wakati bado ni kizima na uweke karatasi hiyo pamoja na hati za nyumba. Ukichagua vipimo vya kawaida, kama sentimita 40, 60 na 80, utakuwa na nafasi kubwa ya kuhamisha mlango kutoka sehemu moja hadi nyingine siku ya shida.

Na kama milango iliyoharibika ni mingi kiasi kwamba hakuna mahali pa kuificha, usijitese kutafuta mfano wake. Fundi wetu alisema katika hali hiyo yeye hubadilisha milango yote ya chini kwa rangi nyingine kabisa, ya majani au ya kahawa, na kuiacha ya juu na weupe wake. Tofauti ndogo inaonekana kama kosa, lakini tofauti kubwa inaonekana kama uchaguzi.

Tulihamia nyumba mpya siku ya pili yake. Jiko la huko halina kwizini ekipe: ni meza ya mbao, rafu mbili na nafasi ya mbabula. Tuliandika hata hivyo kila kitu kwenye karatasi, na mwenye nyumba akatia sahihi akicheka. Usiku maji yalikatika. Kabla ya kulala niliamka mara mbili kwenda kuhakikisha kwamba robine imefungwa. Mara ya pili nilimkuta mtoto amekwisha kunitangulia.